Kichwa Hakina Ukwe

Jumatatu saluni ya Dorika huwa imefungwa. Ni siku yake ya kufua mataulo, kuloweka vitana na kunyoosha mgongo, maana wanawake wa Masasi humkamua kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili kabla ya misa. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwezi wa kumi, mlango ulipogongwa, aliitikia bila kuinua macho kutoka kwenye beseni.

"Leo tumefunga, Mama. Karibu kesho."

"Hata mimi umenifungia?"

Taulo lilimponyoka, likatumbukia majini. Sauti ile angeitambua hata akiwa usingizini. Ilikuwa ya Mama Cecil, mkwe wake, mama wa mume aliyemzika miaka sita iliyopita. Katika miaka yote hiyo Mama Cecil hakuwahi kushuka kutoka Newala kuja kumtembelea. Dorika ndiye aliyekuwa akipanda, Pasaka na Krismasi, na kila likizo alimpeleka binti yake, Oliva, akakae na bibi yake. Kumwona mama yule mlangoni, siku isiyo ya sikukuu, bila hata kupigiwa simu, kulimfanya moyo umwende mbio.

Na haukumwenda mbio bure. Wiki tano mbele Dorika alikuwa anaolewa tena. Mwanamume mwenyewe aliitwa Gasper, seremala wa Ndanda, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Mahari ilikwishapokelewa na mjomba wake Dorika, mzee Silvano. Padri alikwishawaandika. Aliyekuwa hajaambiwa ni mmoja tu, naye ndiye huyo aliyesimama mlangoni na kikapu.

Si kwamba hakujaribu. Mwezi wa nane alipanda basi la Newala kwa kazi hiyohiyo moja. Njiani, kuanzia Chiungutwa mpaka juu, aliyapanga maneno kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Alipofika, Mama Cecil alimpikia ming'oko, ile mizizi ya porini, wakala, wakaongea habari za mbaazi na mvua, na picha ya Cecil ikiwa pale ukutani, amevaa shati la bluu, anacheka. Dorika aliitazama picha ile, maneno yakamkauka. Alirudi Masasi na mfuko wa mbaazi, na jambo lake likiwa bado kifuani.

"Shikamoo, Mama," alisema sasa, akipiga goti huku akijifuta mikono kwenye kanga.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Usinipokee kama mgeni wa serikali. Nipe maji ya kunywa, halafu nina kazi yako."

Alikunywa maji bilauri nzima akiwa amesimama, kama kawaida yake, kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo. Alikuwa na miaka sitini na minne. Kichwani alifunga kilemba cha kitenge, kimekazwa vizuri mpaka juu ya nyusi, kama alivyokuwa akikifunga kila siku kwa miaka mingi sasa. Kutoka ndani ya kikapu alitoa korosho za kukaanga alizozifunga kwenye gazeti, akampa Dorika. Halafu akatoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko akavuta wigi.

Lilikuwa wigi zuri, jeusi, la nywele zilizonyooka, refu kufika mabegani. Mbele lilikuwa na lesi yake, ile nyavu nyembamba ya rangi ya ngozi ambayo nywele zimefumwa juu yake moja moja. Lesi ile ilikuwa bado nzima, haijakatwa, inaning'inia kama pindo la chandarua.

"Nimeletewa na Maryam, binti wa jirani yangu, yule anayefanya kazi Mtwara," Mama Cecil alisema. "Nimelivaa mbele ya kioo nikajiona kama mtu aliyeazima kichwa. Nikasema, hapana, hili lina mwenyewe wa kulikata. Nataka lionekane nywele zangu. Si nywele za msichana wa kwenye kalenda. Zangu."

"Una shughuli, Mama?"

"Nina harusi."

"Ya nani?"

"Ya watu," alisema Mama Cecil, akaanza kufungua kilemba. "Kata kwanza. Mdomo na mkasi havifanyi kazi pamoja."

Kilemba kilipotoka, Dorika alijikaza uso usibadilike. Alikuwa amesikia kwamba nywele zilikwisha, lakini kusikia si kuona. Mbele yote, kutoka paji mpaka utosini, ngozi ilikuwa tupu na laini, inang'aa. Nyuma zilibaki chache, fupi, za kijivu. Upande wa kushoto tu, juu ya sikio, palikuwa na kishungi kidogo cha mvi, kama nyasi zilizosahauliwa na jembe.

"Daktari alisema matundu ya nywele yamejiziba," Mama Cecil alisema, akijitazama kwenye kioo bila aibu. "Hazioti tena. Nilimwambia, sawa, baba, asante. Nimezika mtu aliyekuwa na nywele nyingi kuliko mimi, sitalilia hizi."

Dorika alisogea nyuma ya kiti. Aliweka mikono yake miwili juu ya kichwa kile, taratibu, na mikono ikamrudisha mbali.

Alifika nyumbani kwa Mama Cecil akiwa na miaka ishirini na miwili, mke mpya kutoka Chiungutwa. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado anatambaa, akalelewa na bibi, na bibi naye alikuwa keshatangulia. Alikwenda Newala akimwogopa mama mkwe jinsi mtu anavyomwogopa mwalimu asiyemjua. Mama Cecil wakati huo alikuwa fundi cherehani mwenye jina. Alishona sare za shule, magauni ya komunio, na vitambaa vya altare vyenye lesi ambavyo hakuna fundi mwingine pale mjini aliyethubutu kuvigusa. Na alikuwa na nywele! Nyeusi, nzito, alizozichana kwa kitana cha moto, akazirudisha nyuma na kuzikunja kisogoni.

Jumapili ya pili baada ya harusi alitandika mkeka barazani, akaleta kigoda na kukiweka nyuma ya mkeka. "Nimesikia unajua kusuka. Kaa hapo, unisuke mistari ya twende kilioni ya kulalia."

Dorika alisimama kama mti. "Nikukalishe chini, Mama? Mimi nikae juu, kichwa chako kiwe magotini kwangu? Wakisikia kwetu watasema sikufundwa."

Mama Cecil alikwisha kukaa mkekani zamani. "Mwanangu," alisema bila kugeuka, "kichwa hakina ukwe. Shika kitana."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumapili, miaka saba. Waliziosha nywele zile kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa, maana maji Newala hayakuwa ya kuchezea. Miezi ya baridi ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma ukakaa nao barazani mpaka saa nne, wao wawili na masweta yao, vidole vya Dorika vikipata joto kwenye ngozi ya kichwa cha mkwewe. Miezi ya korosho hewa ilinuka mabibo yaliyoiva, na Cecil alikaa uani akikaanga korosho kwenye bati, moshi ukimtoa machozi.

"Mama, unamchosha mke wangu!" alikuwa akipaza sauti.

"Mke wako usiku. Mchana ni wangu!"

Akiwa anasukwa, Mama Cecil aliongea mambo ambayo watu wawili wakitazamana usoni hawawezi kuambiana. Jinsi mumewe alivyomwacha na mtoto mchanga akaenda zake na hakurudi. Jinsi alivyonunua cherehani ya kwanza kwa korosho alizookota mwenyewe. Jinsi alivyotamani binti, akapewa Cecil. Na Dorika, aliyekuwa hajui mama anafananaje, alijifunza hapo, kwa kutazama kisogo. Alijifunza na mkasi pia. Mama Cecil alimwita kwenye meza ya kukatia, akampa kitambaa chakavu na kumwambia, "Mkasi haukimbizwi. Kitambaa kikishakatwa hakina msamaha." Saluni hii ya Masasi ilizaliwa kwenye meza ile.

Halafu Cecil aliugua homa, wiki mbili tu, akafa. Oliva alikuwa na miaka minne. Dorika alikaa Newala mwaka mmoja zaidi. Jumapili waliendelea kukaa barazani, lakini nywele zilianza kubaki kwenye kitana, leo chache, kesho nyingi, na siku moja Mama Cecil alisema, "Basi, tupumzike," akafunga kilemba. Hakukifungua tena mbele ya mtu.

"Umelala?" Mama Cecil aliuliza kwenye kioo.

"Hapana, Mama. Napima."

Alimpaka mafuta mepesi, akazilaza zile nywele chache za nyuma, akamvika kofia ya soksi, kisha akalishusha wigi juu yake na kulisogeza huku na huku mpaka likakaa. Alizirudisha nywele za wigi nyuma na kuzibana kwa vibanio, ili lesi ibaki peke yake. Mama Cecil alicheka alipojiona. Lesi ilimfunika paji lote, ikamfika machoni.

"Bi harusi wa kizungu," alisema.

Dorika alianza na masikio. Hapo ndipo pa kuanzia, maana wigi lisipokaa masikioni, mbele nako litahama. Alipinda lesi kufuata mzunguko wa sikio la kulia, akatia alama kwa kalamu ya wanja, akakata. Akahamia sikio la kushoto. Mkasi ulikuwa katikati ya lesi Mama Cecil aliposema, kwa sauti ileile ya kuombea maji:

"Huyo Gasper, ni mtu mwema?"

Mkasi ulisimama.

Nje, bodaboda ilipita ikapiga honi, ikaenda zake. Dorika aliusikia mlio wake mpaka ulipokwisha. "Mama..." alisema.

"Oliva aliniambia likizo ya mwezi wa sita," Mama Cecil alisema. "Usimpige. Mtoto alikuwa na furaha, ananieleza kuna baba mmoja amemtengenezea dawati lake mwenyewe, lenye droo. Nikamwuliza, baba yupi? Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikajua. Kwa hiyo nikangoja. Nikasema Dorika atakuja mwenyewe anieleze. Mwezi wa saba, kimya. Mwezi wa nane ukaja, nikafurahi, nikachimbua ming'oko. Ukala, ukaosha vyombo, ukaondoka. Nilikusindikiza mpaka kituoni nikiwa na hakika utasema ukiwa umekanyaga ngazi ya basi. Hukusema. Jina lake na siku ya harusi nikaja kuyasikia kwa watu."

"Niliogopa, Mama."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa nitakuwa namzika Cecil mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu." Dorika alikuwa analia sasa, mkasi bado mkononi. "Pale mezani alikuwa ananitazama kutoka ukutani. Ningeanzaje?"

Mama Cecil alishusha sauti. "Mimi sikuumia kwamba unaolewa. Una miaka thelathini na mitano, nikuombee upweke? Niliumia kwamba jirani wa jirani anajua, na mimi najifanya sijui. Nililala nikijiuliza, huyu alikuwa mwanangu au alikuwa mke wa mwanangu tu, na mwanangu alipokwenda, na yeye akawa hana cha kuniambia?"

Dorika alishuka magotini, pale kwenye sakafu yenye vinyweleo vya watu, akaweka kichwa mapajani mwa mama yule. "Nisamehe, Mama. Nisamehe sana."

Mkono ulimshukia kichwani, ukakaa. "Nimekusamehe nikiwa kwenye basi. Ningekuwa sijakusamehe ningekuja na hiki kikapu? Inuka. Magoti yatakuuma, na mimi nimekaa na lesi machoni sioni hata ninayemsamehe."

Dorika alicheka na kulia kwa pamoja. Aliinuka, akanawa uso kwenye beseni la mataulo. Aliporudi, Mama Cecil alikuwa amejiweka sawa kwenye kiti, mgongo wima.

"Sasa sikiliza nilichokuja nacho. Huna mama. Bibi yako hayupo. Silvano atakushika mkono kukuingiza kanisani, vizuri, ni mjomba wako, ni haki yake. Lakini kwenye kiti cha mama atakaa nani? Nakuja kukaa mimi. Watu watasema, hao wakikosa la kusema watakula nini? Lakini sitaki nikae pale na kilemba cha msibani, au na kipara hiki, wanawake wanyoosheane vidole: mtazame mama wa marehemu, majonzi yamemnyoa. Siku yako haitakuwa siku ya kunihurumia mimi. Wataniona kama nilivyokuwa siku ile ya kwanza nilipokupokea. Kwa hiyo futa machozi, fanya kazi. Na usikosee mpaka wa nywele."

Dorika hakuhitaji picha. Mpaka ule aliujua kuliko mistari ya kiganja chake. Nywele za Mama Cecil mbele zilishuka kidogo, si katikati hasa bali kushoto kidogo, kama mdomo wa birika. Kwenye panja la kulia zilipinda na kurudi nyuma, zikaacha nafasi ya kidole kimoja. Kwenye la kushoto zilitangulia, na mbele yake kulikuwa na malaika, vile vinyweleo laini ambavyo havikubali kusukwa na ambavyo miaka saba vilimsumbua kila Jumapili. Lakini wigi la kiwandani lilikuwa limenyooka kama limepigwa rula. Hakuna binadamu aliyezaliwa na paji la rula.

Alichukua kibano, akaanza kung'oa. Unywele mmoja mmoja, huku na huku, bila haraka, mpaka ule ukuta mweusi ukaanza kufifia kuelekea usoni kama nywele za kweli zinavyofifia. Alirudisha nafasi ya kidole kwenye panja la kulia. Aliacha mdomo wa birika pale kushoto. Shingo yake ilimuuma, hakusimama. Mama Cecil alifumba macho, na baada ya muda akaanza kuongea, kama zamani, habari za mkorosho ulioanguka kwa upepo, za kwaya iliyogombana, za Oliva ambaye anashona vifungo vizuri lakini hana subira.

Ilifika zamu ya kukata lesi yenyewe. Dorika aliigawa sehemu tatu. Alivuta sehemu ya kwanza ikakazika kidogo, si kiasi cha kuchanika, akaingiza ncha ya mkasi mdogo. Hakukata mstari. Alikata kwa kuyumbisha, meno madogo madogo, kwenda na kurudi, kwa sababu jicho hukamata mstari ulionyooka lakini hupita juu ya ukingo uliovunjika. Aliacha lesi upana wa punje ya mtama mbele ya nywele, zisije zikafumuka. Kipande cha kwanza kilianguka mapajani mwa Mama Cecil. Yeye alikiokota, akakisugua kwa vidole vya fundi.

"Lesi nzuri," alisema. "Ningeipata hii enzi zile, altare ingeng'aa."

Sehemu ya tatu ilipoanguka, palibaki swali la kulishikiza. Wasichana hubandika kwa gundi. Dorika alipaka tone moja nyuma ya sikio la mama yule, wakangoja, na ngozi ikawa nyekundu. Ngozi ile haikutaka gundi.

"Kwani hapa hakuna uzi na sindano?" Mama Cecil aliuliza. "Lete mpira wa sketi. Unapita nyuma kwa ndani, kutoka sikio mpaka sikio. Unalivuta lenyewe linashika." Alilivua wigi, akavaa miwani, akashona mwenyewe, mishono midogo iliyolingana kama ya mashine. Dorika alisimama na poda, akipaka kwa chini ya lesi rangi ya ngozi ya mama yule, kahawia iliyokaribia nyekundu. Mpira ulipokuwa tayari, alizipunguza nywele urefu mpaka usawa wa shingo, akazipitisha kitana cha moto kwa mbali, akazirudisha nyuma na kuzikunja.

Wakalivaa. Lilikaa vizuri, lilikuwa zuri, na bado Dorika hakuridhika. Alirudi nyuma hatua mbili, akakunja uso. Kitu kilikuwa kinadanganya. Kisha akaona: kile kishungi cha mvi juu ya sikio la kushoto kilikuwa kimefichwa ndani ya kofia ya soksi. Alipitisha mpini wa kitana chini ya lesi, akakivuta taratibu mpaka nje, akakilaza juu ya ukingo kwa mswaki na maji kidogo. Zile mvi chache, za kweli, zikafunika mahali lesi ilipoishia, na hapohapo kichwa kizima kikaaminika.

Alimgeuza kwenye kioo.

Mama Cecil alijisogeza karibu na kioo. Aliinua mkono, akagusa pale kushoto, akagusa panja la kulia, kwenye nafasi ya kidole. Machozi yalimtoka bila uso kujikunja.

"Huyu namjua," alisema hatimaye. "Huyu alikuwa na kijana wake."

Walikaa hivyo kitambo, mmoja ameketi, mwingine amesimama nyuma yake, mikono mabegani. Halafu Mama Cecil akapenga kamasi, akauliza kama katika saluni hii watu hushindishwa njaa, na Dorika akaenda kuwasha jiko.

Harusi ilifungwa Ndanda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri, ikakatika. Mama Cecil aliingia kanisani na gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, kichwa wazi, nywele zimekunjwa kisogoni, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mama. Minong'ono ilikuwepo. Kulikuwa na mama mmoja, Scholastika, shangazi yake Gasper, aliyemwuliza jirani yake kwa sauti isiyofichika kama kweli yule ndiye mama wa mume wa kwanza. Alipojibiwa ndiye, alimtazama kwa muda mrefu, kisha akahama kiti na kwenda kukaa karibu naye. Misa ilipokwisha alikuwa anamwuliza ni nani anayemchana nywele zake, maana yeye msusi wake wa hapo Ndanda anamchoma masikio. Mama Cecil alimwonyesha bi harusi kwa kidevu.

Wakati wa zawadi, mshereheshaji alimwita mama wa bi harusi aseme neno. Mama Cecil alisimama, akasema, "Mimi nilimpokea huyu akiwa haogopi kazi ila anaogopa watu. Sasa namtoa, haogopi hata mimi. Gasper, mwanangu, sina la kukufundisha. Akinyamaza sana, mwulize." Akaketi. Watu walicheka, vigelegele vikapigwa, na Dorika aliyekuwa mezani mbele aliinamisha kichwa mpaka mpambe wake akamfuta wanja.

Siku iliyofuata, kabla ya jua kupanda, Dorika alikwenda kwenye nyumba ya wageni walipomlaza. Alimkuta amekwisha kufunga kikapu, amevaa kilemba, na wigi limewekwa juu ya chupa ya maji lisikunjike. Alikuwa akijikuna kisogo kwa raha.

"Zuri, lakini linawasha," alisema. "Nitalivaa Krismasi, na nikialikwa. Shambani mikorosho hainijali."

Gasper aliwachukulia kikapu mpaka barabarani. Basi la kupanda Newala lilipoonekana mbali, Mama Cecil alimgeukia.

"Wewe ni fundi mbao?"

"Ndiyo, Mama."

"Mlango wangu wa uani umelegea miaka mingi. Cecil alikuwa anaubana kwa waya, na mimi nikaendelea kuubana kwa waya. Siku moja uje uuone."

"Nitakuja, Mama."

"Njoo na mkeo. Na mwanangu Oliva. Msije mikono mitupu, njooni na bawaba."

Walikwenda Januari, wote watatu. Gasper aling'oa mlango, akauranda, akautia bawaba tatu mpya, na Mama Cecil alisimama kando akimwambia ubao upi umeoza. Jioni, kabla ya kuondoka, alimwita ndani, akamsimamisha mbele ya picha ya ukutani.

"Huyu ndiye Cecil," alisema. "Cecil, huyu ametengeneza mlango."

Gasper alivua kofia. Dorika, aliyekuwa jikoni anaosha sahani na Oliva, aliyasikia maneno yale yote, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita alilitamka jina la mumewe wa kwanza kwa sauti, mbele ya watu, akimweleza Oliva jinsi baba yake alivyokuwa akikaanga korosho huku analia kwa moshi.